Mgonga Vyoo na Mkono wa Chuma

Kiwandani walimwita Sikio. Kazi yake ilikuwa kugonga vyoo vya kukaa vilivyotoka tanurini, kwa nyundo ndogo ya mti, na kusikiliza. Kizima kililia ngeee kama kengele. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, kililia kwap, kama mtu aliyezibwa mdomo. Miaka kumi na tisa alikuwa akigonga. Mumewe aliwaambia wageni kwamba ameoa daktari wa vyoo, na uzuri ni kwamba wagonjwa wake hawalalamiki.

Wagongaji walikuwa sita. Mmoja alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, ambaye Sikio mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

Jumatatu moja mafundi wakafunga mkono wa chuma kando ya meza yake, wenye kinyundo na kinasa sauti.

"Wewe gonga kama kawaida," msimamizi akamwambia. "Kizima, bonyeza kitufe cha kijani. Kibovu, chekundu. Huyu mgeni anasikiliza tu, anajifunza."

"Na akishajifunza?"

Msimamizi akatazama saa yake. "Hayo ya mbele tumwachie Mungu."

Wakati wa chakula, wifi yake akamvuta nyuma ya marundo ya maboksi.

"Wifi, kila ukibonyeza unatuchimbia kaburi."

"Nikikataa si watamweka mwingine?"

"Nani kakwambia ukatae? Lidanganye lichuma lile! Kibovu kiite kizima. Mimi mchana nimepangwa mwisho wa mkanda unaosafirisha vyoo, nitavitoa kabla havijafungwa. Likianza kupitisha takataka, watalirudisha lilikotoka."

Wenzao wanne walikuwa wamesimama pale, wakimtazama. Sikio akaitikia kwa kichwa.

Mchana ule alivipitisha vyoo vibovu kumi na kimoja. Saa tisa akainua macho kumtafuta wifi yake, asimwone. Alikuwa amehamishiwa upande wa sinki, na mwisho wa mkanda alisimama mwanamume asiyejua lolote, akifunga maboksi mbio mbio.

"Mzigo huu unakwenda wapi?" Sikio akamuuliza.

"Hospitali. Gari linaondoka sasa hivi."

Sikio akakumbuka. Miaka ya nyuma choo chenye ufa kilivunjika chini ya mpishi wa kiwanda. Kigae cha choo hukata kama wembe. Sikio ndiye aliyemfunga paja kwa kitenge huku damu ikimlowesha hadi viwiko.

Akatupa nyundo, akakimbia. Injini ilikuwa imeshawaka. Akasimama mbele ya lori, mikono juu.

"Mama, umechoka kuishi?" dereva akafoka.

"Zima gari! Humo kuna vibovu!"

Msimamizi akafika akihema. "Nani kasema?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyevipitisha."

Wakashusha maboksi yote themanini na kuyafungua uani. Sikio akaanza kugonga. Kimoja. Vitatu. Saba. Kwenye boksi la hamsini alikuwa amepata kumi. Sitini, hakuna. Dereva alipiga honi, msimamizi alizunguka kama kuku anayetaka kutaga, na masikio ya Sikio yakaanza kuvuma. Hakujua tena kama anasikia ngeee au kwap.

Mara akasikia nyundo nyingine. Wifi yake alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akigonga kuanzia mwisho. Boksi la tatu, akainua mkono.

"Hiki hapa."

"Nani alikutuma?" msimamizi akamuuliza Sikio jioni ile.

"Akili yangu mbovu."

Hakumfukuza, mkono wa chuma ulikuwa bado haujaiva. Walifuta sauti zote za siku ile, na kwa miezi miwili Sikio akaufundisha kweli tupu. Ukafuzu. Wenzake watano wakapewa barua za kuachishwa kazi siku moja. Yeye akabakizwa kusikiliza vile vyoo ambavyo mkono unavitilia shaka.

Wifi yake alimnunia hadi walipokutana nyumbani kwa mama mkwe, jikoni, kila mmoja na sinia lake la maharage ya kuchambua.

"Ungenyamaza, labda wangelirudisha," wifi akasema.

"Na mgonjwa angekalia nini?"

"Najua, wifi. Kwani cha kumi na moja alikipata nani?" Akatupa kokoto dirishani. "Lakini kujua hakunipeleki kazini asubuhi."

Sikio akavuta kigoda, akasogea karibu, na wifi yake hakuondoka.