Mama Aliyekuwa Kwenye Negativu

Juzi, kwenye duka la kutoa kopi pale Ipinda, mama mmoja mwenye mvi alimpa dada wa duka negativu ambayo picha yake haikuwahi kusafishwa. Ilikuwa na sura ya mama yake mzazi, aliyefariki akimzaa yeye.

Dada akailaza kwenye skana, akaimulika kwa simu, picha ikatokea kwenye kompyuta. Yule mama akageukia ukutani.

"Naogopa. Niambie kwanza, amenikasirikia?"

"Anacheka, mama. Tazama."

Akageuka polepole, akaziba mdomo kwa kanga. "Mbona ni kabinti tu?"

Foleni nzima tukasogea kutazama, sisi tuliokuwa tukinung'unika kwamba anatuchelewesha.

"Nikuze picha?" dada akauliza.

"Mkuze, mwanangu. Ni mdogo kuliko kitindamimba wangu."