Ukuta wa Mawe Kilimani

Nilipoinua kamera mbele ya nyumba kongwe ya mawe, kilimani Kigoma, mvua ilianza, na harufu ya chokaa iliyolowa ikanirudisha utotoni.

Tulikuwa tumekimbia vita Kongo, tukashuka botini asubuhi moja ya mvua, mama na mimi. Nilikuwa na homa. Tulijibanza kwenye ukuta wa nyumba hiyo, nikayaegemezea mawe ya baridi shavu langu.

Mwenye nyumba akatoka na ndoo.

"Wakimbizi, tokeni ukutani kwangu!"

"Shikamoo, mama," mama yangu akamwambia. "Mtoto anaumwa. Mvua ikikatika tutaondoka."

"Mkafie kwenu!"

Akatumwagia maji aliyooshea samaki.

Mama alinifunga mgongoni kwa kitenge, tukateremka kuelekea ziwani. Nikaanza kulia.

"Nyamaza," akasema. "Bado anatutazama."

Lakini mgongo wake ulikuwa ukitetemeka.