Mahali pa Kuweka Simu

Kazini walimwita Upepo, na jina hilo likamfuata hadi alipostaafu. Aliendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakupotea njia hata mara moja. Watu walipomsifia akili, alikataa katakata. "Mimi nilikuwa miguu tu," alikuwa akisema. "Macho yalikuwa kwenye redio."

Macho hayo yalikuwa ya mwanamke aliyekaa katika chumba cha mawasiliano cha hospitali, mbele ya ramani iliyofunika ukuta mzima, akiwaelekeza madereva. Redioni hakuna aliyetaja jina lake. Wote walimwita Kituo. "Upepo, Upepo, hapa Kituo. Ukifika penye tangi la maji usikate kulia, pamechimbwa. Nyoosha." Kwa miezi minane Upepo alimjua kwa sauti tu. Siku aliyopiga moyo konde akapanda ngazi kwenda kumwona mwenye sauti, amevaa shati alilolipiga pasi mara mbili, alimkuta mwanamke mfupi, miwani imening'inia kifuani, anatafuna karanga huku akiandika.

"Umechelewa," yule mwanamke akamwambia bila kuinua kichwa. "Mimi nimekuwa nikikuelekeza huku tangu mwezi wa tatu."

Mwaka uliofuata wakaoana. Walipata binti mmoja, wakamlea, wakamsomesha, wakamwoza. Wakastaafu wote wawili, yeye Upepo akitangulia kwa miezi kumi.

Ndipo mzee akafanya jambo ambalo mtaa mzima ulilijadili. Alinunua gari la spoti. Halikuwa jipya, lilikuwa limekaa miaka mingi chini ya turubai nyuma ya gereji moja, matairi yamekufa, panya wamelala ndani ya viti. Milango miwili, viti viwili, rangi ya damu ya mzee, na fupi mno kiasi kwamba mtu wa umri wake hakuingia, bali alijipanga: kwanza makalio, kisha kichwa, mwisho miguu, mmoja baada ya mwingine. Alilitengeneza kwa miaka miwili. Dashibodi aliivika ngozi mwenyewe, akaishona kwa mkono wiki sita, vidole vimetobolewa na sindano kama chujio.

Majirani walicheka. Mkewe alicheka kuliko wote, lakini siku gari lilipowaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia.

Wakawa kiguu na njia. Kila wiki mbili walikwenda mahali wasipopajua, mzee kwenye usukani, mama na simu mkononi, anasoma ramani na kumwambia njia. Sauti ya simu aliizima tangu safari ya kwanza. "Huyo dada wa humu ndani hajui kuongea na dereva," alisema. "Anakuambia kata wakati umeshapita."

Basi siku moja, wanateremka mlima, simu ikamtoka mama mkononi. Ikapita katikati ya kiti na gia, ikaenda chini. Mzee akainama kuitafuta, na alipoinua macho mkokoteni ulikuwa mbele yake, hatua chache tu. Alikanyaga breki hadi goti likauma. Hawakugonga. Mwenye mkokoteni aliwatukana vizuri, nao wakampa haki yake. Lakini njia nzima ya kurudi mama hakusema neno zaidi ya kulia, kushoto, nyoosha.

Mzee hakuhitaji kuambiwa. Wiki kadhaa kabla ya hapo alikwisha kuona kikombe cha bluu kikicheza kwenye kisahani. Alikuwa ameona kifungo cha blauzi kikikataa kuingia tunduni, na mkewe akigeukia dirishani ili asionekane. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa unatetemeka. Yeye hakusema, mama hakusema; nyumba ikawa na watu wawili wanaojitia hamnazo.

Binti yao alikuwa amehamia nyumba mpya ng'ambo ya milima, katika mtaa uliojengwa juzi ambao barabara zake hazikuwa na majina, namba tupu. Aliwataka waje Jumamosi. Alhamisi mzee akaaga kwamba anakwenda kujaza matairi upepo, akaenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya magari.

Fundi wa duka hilo alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa aproni yenye mifuko minane, na kila mfuko una bisibisi yake.

"Nataka stendi ya simu, mwanangu," mzee akamwambia. "Nzuri. Isiyotikisika."

"Gari liko wapi, baba?"

Alipotoka nje akaliona, fundi akapiga mluzi. Kisha akacheka, akarudi ndani, akatoka amekumbatia maboksi.

Wakajaribu ya kwanza, ile yenye kikombe cha mpira kinachonata kwenye kioo. Lakini kioo cha gari lile kililala nyuma kama mtu aliyeshiba, na sehemu ya kunatia ilikuwa mbali. Mkono wa stendi ungelazimika kuwa mrefu kama ndoana. Tena mzee mwenyewe, kwa jinsi alivyokaa chini, barabara aliiona kwa kuibia. Wakaitoa. Ya pili ilikuwa ya kubana kwenye tundu la hewa. Ingefaa kwenye matundu yenye vipande vilivyolala kama ngazi, lakini ya gari hili yalikuwa ya duara, laini kama vifuniko vya chupa, na kibanio hakikupata pa kuuma.

"Basi hii ya gundi," fundi akasema. "Unaibandika hapa juu ya dashibodi, haibanduki milele."

"Hapo?" Mzee akaweka kiganja juu ya ngozi, kama anayemkinga mtoto na jua. "Mwanangu, hiyo nimeishona kwa mikono yangu. Ukibandika hapo umenibandika mimi."

Fundi akaiweka kando bila ubishi. Wakajaribu ya sumaku, lakini simu ya mama ilivaa kava nene la kufunika kama kitabu, na sumaku haikuipenda. Wakajaribu ya kusimama karibu na gia. Mzee alipoweka gia ya tatu, ngumi yake ikaiangusha.

Jua lilikuwa limepanda. Fundi akachuchumaa kando ya mlango, akafuta jasho kwa mgongo wa mkono.

"Baba, nikuulize. Hiyo simu ataitazama nani?"

"Mke wangu," mzee akasema.

"Atakaa wapi?"

"Hapo." Akaonyesha kiti cha pili.

"Sasa saa nzima tunaipimia upande wako kwa nini? Nguo haipimwi kwa asiyeivaa. Mlete mwenyewe akae, tupime."

"Hajui kama nimekuja."

Fundi akaanza kurudisha stendi kwenye maboksi yake, moja moja. "Kesho nafungua saa mbili," akasema tu.

Mzee alirudi nyumbani taratibu kuliko alivyowahi kuendesha gari lolote. Mama alikuwa mezani anamenya njegere. Njegere mbili tatu zilikuwa sakafuni, nyingine imejificha chini ya kabati. Mzee akavuta kiti, akakaa, akachukua ganda moja na kuanza kumenya.

"Matairi yamejaa?" mama akauliza.

"Sikwenda kujaza matairi. Nilikwenda kutafuta stendi ya simu."

Mama akaacha kumenya. "Ya kushika simu ndani ya gari?"

"Ndiyo."

"Haya." Akachukua ganda jingine, halafu akaliweka chini. "Kwa hiyo nastaafishwa mara ya pili. Safari hii bila hata keki."

"Sivyo, mke wangu."

"Ni vipi, basi? Utaweka simu mbele yako, utamwasha yule dada, mimi nitakaa pale kama mzigo wa mchele." Sauti yake ilikuwa ile ile ya redioni, iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, na kwa sababu hiyo mzee akajua amemuumiza sana. Kisha akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza, wazi, ukitetemeka kama jani, asiufiche. "Umeuona."

"Nimeuona."

"Tangu lini?"

"Tangu kile kikombe cha bluu."

"Cha bluu! Hicho kilivunjika kabla ya mvua. Umekaa nalo moyoni muda wote huo?"

"Na wewe je?"

Mama akatazama njegere. Akasimulia kwamba alikwisha kwenda kwa daktari, peke yake, siku aliyosema anakwenda kusuka. Daktari alimfanyisha mambo mengi: gusa pua, chora duara, tembea hadi mlangoni. Akamwambia si ugonjwa wa kutisha. Ni mtetemo wa mikono unaowapata baadhi ya watu uzeeni. Utaongezeka kidogo kidogo, na kuna vidonge vya kuupunguza.

"Ulirudi hujasuka," mzee akasema. "Nilijiuliza."

"Ningekwambia ungefanyaje? Nakujua. Ungenibebea hadi kijiko. Ungeniwashia king'ora humu ndani nikitaka kwenda chooni."

Mzee akacheka. Akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili. Haukuacha kutetemeka, ulitetemekea humo ndani.

"Sikutaka kumwasha yule dada," akasema. "Mimi siwezi kuelekezwa na mtu mwingine. Fundi anataka uje mwenyewe kesho, apimie upande wako. Nimeshindwa kusema, basi. Kuendesha naweza, kusema ndiyo hivyo."

"Najua," mama akasema. "Ulichukua miezi minane kupanda ngazi." Akamwachia mkono autunze kidogo zaidi, kisha akauvuta. "Njegere zako umezimenya vibaya. Kesho saa ngapi?"

Saa mbili kasoro walikuwa nje ya duka. Fundi akamkalisha mama kwenye kiti chake, akamwambia akae kama anavyokaa safarini, si kama anayepigwa picha. Akapiga magoti, akalegeza boliti ya mbele ya kiti kwa spana, akaingiza chini yake kibamba cha chuma, akakaza tena. Hakutoboa kitu. Kutoka kwenye kibamba ulipanda mkono wa chuma unaopindika kama shingo ya bata, na juu yake vidole vinne vya mpira vikaikamata simu pamoja na kava lake.

"Ipo sawa, mama?"

"Ishushe. Shusha tena. Sasa igeuze kidogo, jua linaipiga. Hapo."

Mama akajaribu kugusa kioo. Kidole kikaruka pembeni. Fundi akachukua ule mkono kwa upole, akaegemeza kifundo chake kwenye shingo ya stendi. "Jaribu sasa."

Kidole kikaenda, kikagusa palepale. Zamani simu ilitetemeka na kidole kikatetemeka, viwili vikifukuzana. Sasa kimoja kilisimama, na cha pili kilikuwa na pa kuegemea. Mama akagusa tena, na tena, akakuza ramani, akaipunguza, akaisogeza hadi milimani. Alifanya hivyo muda mrefu, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi mifukoni.

Mzee naye akajipanga kuingia upande wa usukani. Akageuza shingo, akageuza tena. Hakuona hata pembe ya kioo.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe endesha," wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Jumamosi walikwenda. Mama alimpitisha mzee barabara namba tisa, namba kumi na moja, akamwonya kuhusu mfereji usio na kifuniko, akamsimamisha mbele ya geti la binti yao bila kuuliza mtu. Walikula, wakaonyeshwa vyumba vyote pamoja na stoo, wakaaga jua likiwa bado juu.

Wakati wa kurudi mama alisinzia. Kichwa kiliegemea dirisha, mikono mapajani, na katika usingizi ule mkono wa kulia ulitulia kabisa. Mzee aliendesha kwa ulaini, akipanda kila tuta kama aliyebeba mayai. Mbele barabara ikagawanyika njia tatu. Kuiona simu hakuweza, kunyoosha mkono hadi kule kungemwamsha, na yule dada wa ndani alikuwa amezimwa.

Basi akaegesha pembeni kwenye nyasi, akazima injini. Malori yakapita. Mwendesha baiskeli mmoja akapunguza mwendo kulitazama gari, mzee akamwekea kidole mdomoni, naye akapita kimya. Dakika arobaini zikaisha hivyo, na mtu aliyeishi miaka thelathini na mmoja kwa kuhesabu sekunde hakutazama saa.

Mama akafumbua macho. "Tumefika?"

"Bado."

"Sasa tumesimama nini?"

"Njia zimekuwa tatu."

Mama akavaa miwani, akaegemeza mkono, akagusa kioo. Akatazama ramani, akatazama barabara, akapiga miayo.

"Ya katikati," akasema. "Halafu twende polepole, sina haraka."