Vitenge vya Udongo

Sijawahi kumkasirikia mama mkwe wangu kama siku alipofua vitambaa vya kwaya.

Kwaya yetu ya akina mama hapa West Side, mjini Buffalo, Amerika, ilikuwa imealikwa kuimba katika kanisa moja huko Louisville. Madukani hatukupata kitenge cha namna moja cha kututosha sote, nikajitia kimbelembele kwamba nitatengeneza mwenyewe. Jirani yangu Mhindi alikuwa amenifundisha kazi ya kwao. Unachovya muhuri wa mbao uliochongwa maua kwenye udongo uliochanganywa na chokaa na gundi, unagonga kitambaa, unaanika, kisha unakitumbukiza kwenye rangi ya nili. Palipo na udongo nili haipenyi, na ua hubaki jeupe. Wenzangu walicheka. Mmoja aliuliza kama tulikimbia matope ya kambi ya wakimbizi ili tuje kuyavaa Amerika. Nikawaambia watakula maneno yao.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, nilirudi kutoka ghalani ninakofanya kazi nikakuta vitambaa vyote nilivyokwisha kuvigonga udongo vinaning'inia uani, vyeupe pe, vinanukia sabuni. Mwanamke wa Kivu, kwetu Kongo, haachi tope kwenye nguo, hata ikiwa si yake.

"Nilikuta matope ku nguo," mama mkwe alisema, mikono bado imelowa. "Bon, ningeacha watu wapite wanatuona?"

Nililia kwa hasira, nikamweleza udongo ule ulikuwa wa nini. Mama mkwe akakaza kitenge kiunoni, akaomba muhuri. Jirani naye akaja, tukagonga upya hadi mabega yakafa ganzi. Mama mkwe aligonga kana kwamba anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Maua yake yalitoka mazito, mengine yamepinda. Nilimwacha.

Kesho yake jua lilituhurumia, udongo ukakauka. Kitambaa cha kwanza kilitoka kwenye pipa la nili kikiwa kijani, nikadhani kazi imeharibika. Hewa ikakipiga, kikageuka buluu mbele ya macho yetu. Tulipokisuuza, udongo ukatoka na maua yakabaki meupe. Nilipiga vigelegele peke yangu uani.

Huko Louisville, kanisa zima lilisimama kabla hatujafungua kinywa. Baada ya ibada akina mama wa Newburg, mtaa wa hapo Louisville, walitushika vitenge wakiuliza duka gani linaviuza. Kabla sijajibu, mama mkwe, ambaye naye tulimvika kitenge kimoja tukasafiri naye, alikuwa amekunjua pindo lake, anawaonyesha ua moja lililopinda.

"Haiko ya duka," aliwaambia. "Hii ni mukono yangu. Wenye wanataka, wakuye Buffalo, nitawafundisha."