Saa Nane ya Ndege ya Benadi

Sikupenda kulisimulia hili, maana mpaka leo nikipita karibu na uwanja wa ndege wa Mpanda nainamisha kichwa, lakini nyie ni rafiki zangu, chekeni tu.

Ilikuwa mwaka ule niliomaliza darasa la saba. Kaka yangu Benadi, aliyekuwa akijifunza ufundi wa ndege Dar es Salaam, aliandika barua kwamba anapelekwa ng'ambo kusoma miaka mitano, ila Jumamosi ndege ndogo wanayoihudumia ingetoka Dar saa moja asubuhi na kutua Mpanda kwa nusu saa tu, naye amepewa nafasi, kwa hiyo mama aje uwanjani waagane.

Mama akaniuliza itafika saa ngapi. Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo, lakini balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amekaa pale, na mimi (mnanijua, mbele ya watu hata salamu hunikwama) niliona aibu kuonekana nimesoma bure. Nikachukua ramani ya shule na uzi wa kushonea, nikaulaza juu ya reli, Dar, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kaliua mpaka Mpanda, na kona zake zote, kwa sababu kila aliyetoka Dar tulimpokea stesheni na sikuwahi kufikiria kwamba kuna njia nyingine. Nikakisia mwendo, halafu nikaongeza muda wa kushusha abiria kila mji.

"Saa nane mchana," nikasema.

Balozi akanisifu sana, akaenda kuwatangazia watu wa mtaa.

Jumamosi, kwenye saa nne hivi, mama ananyonyoa kuku uani, ngurumo ikapita juu ya bati. Mama akatazama juu, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia labda ni ndege nyingine (nyingine ipi, Mpanda hii?), tukaendelea kukaa, mpaka mama alipoinuka ghafla na kukimbia na kuku wake mkononi, upande mmoja bado una manyoya, nami nyuma yake.

Tulikuta vumbi. Mlinzi akatuambia kijana mmoja alisimama muda wote akitazama njia ya mjini.

Mama hakunigombeza. Alisema tu nibaki pale niwaeleze watakaokuja saa nane. Wakaja kweli, wamevaa nguo za kanisani, nikawaeleza mmoja mmoja kwamba imeshapita.

"Kwani leo dereva wako hakusimama Tabora?" balozi akauliza, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nyumbani nilikuta wali umeiva, na lile paja alilowekewa Benadi liko kwenye sahani yangu. Nikasema sitakula.

"Kula," mama akasema. "Niliyebaki naye ni wewe."

Benadi bado hajarudi. Barua yake ikifika, mama huniuliza huko aliko ni mbali kiasi gani, nami humjibu, hata wageni wakiwepo, "Sijui, mama."