Kompyuta Iliyoandikwa Wifi

Tuseme ukweli mapema: Mama Nembo alikuwa na kijicho, na aliyemwonea kijicho hicho alikuwa wifi yake mwenyewe. Binti huyo, dada mdogo wa mumewe, alikuwa fundi kompyuta. Alikuja kusaidia wiki mbili kwenye karakana yao ya kudarizi, akakaa miezi mitatu. Wateja wakiuliza kama pale pana wifi ya intaneti, mume alijibu, "Ipo, ile pale imekaa," na watu wakaangua kicheko. Mama Nembo hakucheka hata mara moja.

Miaka kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa kila kitu pale. Mashine ya kudarizi ilisikiliza kompyuta moja tu, kuukuu, yenye mfumo wa zamani usiotengenezwa tena, na kompyuta hiyo nayo ilimsikiliza Mama Nembo peke yake. Kuiwasha kulikuwa na utaratibu wake: unaichomeka, unahesabu hadi ishirini, unaizaba kofi la ubavuni, ndipo unabonyeza. Mumewe akijaribu, kioo kilibaki cheusi. Nembo za sare za shule, za manesi, za walinzi, zote alizichora yeye, na siku akiugua, karakana nzima ililala. Alilipenda hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Wifi mtu alipoiona ile kuukuu, alishika kiuno. "Kaka, hii ikifa leo, mmekwisha." Akanakili kila kilichokuwemo, akaweka kwenye laptop mpya programu ya kutengeneza kompyuta ya bandia. Likafunguka dirisha, na ndani ya dirisha ukawaka mfumo ule ule wa zamani, nembo zote zimo.

"Mifumo miwili, kompyuta moja," akaeleza. "Laptop ndiyo mwenyeji. Huu wa zamani ni mgeni. Na mgeni mwenyewe wala hajui, anadhani nyumba ni yake."

"Kumbe hata mimi naiweza!" Mume akawasha, akazima, akawasha tena kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. "Mdogo wangu, una kichwa wewe!"

Yale maneno ya mgeni yalimchoma Mama Nembo. Mgeni anadhani nyumba ni yake! Wale wawili walizaliwa tumbo moja, yeye aliingia kwa kuolewa. Alijua hakusemwa yeye, lakini alikwisha kujiamulia kwamba kasemwa.

Jumatano asubuhi, wifi yake alitoka kwenda kuchukua uzi. Mama Nembo akaketi mbele ya laptop kuanza kazi. Kwenye orodha ya programu ile, kompyuta ya bandia ilikuwa imepewa jina: WIFI. Damu ikamchemka. Hivi keshajiandikia! Nembo mia tatu nilizozichora mimi, mwenzangu kazigonga muhuri wa jina lake! Akaifuta.

Wifi yake aliporudi, yeye na kaka yake walikuta orodha tupu.

"Imefutika," binti akasema, uso umemshuka. "Lakini nakala ya Jumamosi ninayo, kaka. Kufika saa sita nitakuwa nimeirudisha."

"Nakala, nakala! Oda ya manesi inachukuliwa leo. Nimechoka na majaribio yako. Kusanya vitu vyako urudi kwa mama. Mke wangu ataendelea kama zamani, kompyuta yake ipo stoo."

Haya ndiyo Mama Nembo aliyoyaombea miezi mitatu, na sasa yamekuja kwa kubonyeza mara moja tu. Kiti chake kimerudi. Hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kunyamaza.

Binti alianza kukunja nyaya, machozi yanamlengalenga. "Sawa, kaka. Ila kinachoniuma ni kwamba ile ilikuwa ya wifi. Niliiandika jina lake kabisa, asije mtu akaigusa bila ruhusa yake."

"Jina la nani?" Mama Nembo akauliza.

"Lako, wifi. Kwani mimi nakuita nani?"

Kweli bwana. Tangu siku aliyoolewa waliitana hivyo, huyu wifi na yule wifi, na neno lilikuwa la wote wawili. Wivu ulimfanya alisome kama la mmoja. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Ni mimi niliyeifuta," akasema.

Mume alimkodolea macho, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kutokea. "Aa, si umekosea tu? Hata mimi ingenitokea. Umebonyeza kwa bahati mbaya, sivyo, mke wangu?"

Binti naye aliacha nyaya, akainua macho. Alitaka jibu liwe hivyo hivyo, Mama Nembo aliliona hilo usoni mwake.

"Hapana," akasema. "Iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo."