Niliandika Jina Lake Kuwa Mdhamini

Siku leseni yangu ya uuguzi iliporudishwa, baada ya kusimamishwa miezi sita, mtu wa kwanza niliyemwambia alikuwa rafiki yangu. Tulisomea uuguzi pamoja, tukapangiwa wodi moja, na ndiye aliyemsimamia binti yangu kwenye ubatizo. Alilia kwa furaha kwenye simu.

"Aki dadangu, Mungu halali. Ukiomba kazi, niandike mimi kama mdhamini. Nitakusemea."

Nilimwamini, ingawa nilikuwa na sababu ya kutomwamini. Kosa lililonipeleka mbele ya kamati ya nidhamu lilikuwa letu sisi wawili. Mchana mmoja alimdunga mgonjwa wa sukari sindano yake ya insulini, akaenda kula bila kuandika kwenye faili. Nikaja, nikaona nafasi tupu, nikamdunga tena. Sikupima sukari yake kwanza. Hilo ni langu na silikatai. Mzee wa watu alilowa jasho, akazimia, tukahangaika naye mpaka akafumbua macho. Mbele ya kamati, rafiki yangu aliulizwa kama alikuwa amemdunga. Alitazama viatu vyake, akasema hakumbuki. Nikajiambia ni woga. Ana watoto, na nani asiyeogopa?

Basi nikachapisha wasifu wangu kwenye duka moja la River Road, jina lake likiwa chini kabisa, nikaanza kuzunguka. Wengi walisoma hadi kwenye lile pengo la miezi sita, wakanirudishia karatasi kwa adabu. Kliniki moja tu, mtaa wa Hurlingham, ndiyo iliyonikalisha. Matroni, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kwa kamba shingoni, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wengi wenye pengo kama hili huniambia walikuwa wanauguza mama nyumbani," alisema. "Wewe umesema ukweli. Wacha nimpigie mdhamini wako."

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. Siku ya tatu akaniita.

"Sista, hili sipaswi kukuambia. Toa jina la huyu mwanamke kwenye karatasi zako."

"Kwani amesema nini?"

"Kwamba wewe ni mzembe tangu chuoni. Kwamba yeye hawezi kukuachia mgonjwa. Halafu akasema anakuombea."

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma zaidi.

Nilienda moja kwa moja kwenye hospitali tuliyofanya kazi pamoja, nikamngoja langoni hadi saa ya chakula. Aliponiona akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni.

"Uliniambia nikuandike," nikasema.

"Sikudhani watanipigia."

"Na walipopiga?"

Alivutavuta sweta lake la buluu. Safari hii hakulia. "Ningesema wewe ni mwangalifu, wangeuliza kosa lilikuwa la nani. Na mimi nimepandishwa cheo juzi tu. Nisamehe."

Nilichoweza kusema ni, "Hata kuniambia nisikuandike kulikushinda?" Nikamwacha amesimama hapo, na mpaka leo hatujaonana.

Matroni hakuniajiri; alisema wakubwa wake wasingekubali. Lakini alinielekeza kwa familia moja mtaa wa Spring Valley, kumhudumia mwalimu mstaafu aliyepooza upande mmoja. Binti wa mwalimu nilimweleza yote kabla sijakaa: mzee, sindano, leseni.

"Utaanza Jumatatu," akasema. "Lakini nitakuwa nikihesabu dawa."

Anahesabu kila jioni, mbele yangu. Wiki za kwanza nilikuwa nikiingia chooni kulia. Siku hizi mimi mwenyewe ndiye ninayemletea kisanduku cha vidonge.

Mwezi uliopita mwalimu alishika kijiko cha uji kwa mkono wake mgonjwa, akakiinua hadi mdomoni. Nusu ilimwagika kifuani. Nilipokuwa nikimfuta, alisema kwa ulimi wake mzito, "Tena." Nikamrudishia kijiko.